Chumvi Inakula Pikipiki ya Kikundi



Somo letu la mara hii linahusu jambo ambalo wengi hudhani ni urembo tu: kung'arisha na kutunza vyuma vya pikipiki na gari. Kijana akionekana Jumamosi jioni anasugua mafla mpaka anajiona uso, watu humcheka, wanasema anatafuta mchumba. Huenda ni kweli anatafuta. Lakini hapa kwetu pwani, kuanzia Takaungu mpaka Marereni, kijana huyo analinda mali, na ikiwa pikipiki ni ya kikundi, basi analinda mali ya watu wengi.

Tuanze na pesa. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, zile za chini ya sisi 250, na tangu wakati huo pikipiki zilijaa vijijini. Vikundi vingi vya akina mama na vya vijana vimenunua moja au mbili, kwa mkopo au kwa michango ya mzunguko. Mmoja anaendesha, jioni analeta kiasi kilichokubaliwa, mweka hazina anaandika. Mkopo tunauhesabu kila mwezi. Kutu hakuna anayeihesabu. Pikipiki inayolala nje karibu na ufuo inaweza kuanza kuonyesha kutu kabla hata mkopo haujafika nusu. Siku mnayotaka kuiuza, mnunuzi haanzi na injini. Anainama, anatazama rimu, spoki na mafla, halafu anataja bei ya kuwavunja moyo.

Na si bei tu. Spoki iliyoliwa hukatika ikiwa na abiria wawili nyuma. Waya wa breki ulioshika kutu ndani ya bomba lake huanza kuwa mgumu, kisha siku moja hauvutiki. Mambo haya hayatoi taarifa.

Kwa nini pwani hasa

Kila mama anajua kwamba wakati wa kusi chumvi ya jikoni hulowa yenyewe ndani ya kopo, hata kama hakuna aliyeimwagia maji. Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani. Sasa fikirini: upepo wa bahari hubeba vitone vidogo vya maji ya chumvi, vinatua juu ya kila kitu, maji yanakauka, chumvi inabaki. Chumvi ile iliyokaa juu ya chuma inavuta unyevu usiku kucha. Kwa hivyo chuma chako kimelowa hata siku ambayo hakukunyesha. Maji na hewa vikikutana na chuma kutu huanza, na chumvi huiongezea mbio.

Ndiyo sababu pikipiki ya Ganze au Bamba hudumu na sura yake kuliko ile ya Mayungu au Ngomeni, ingawa barabara za bara ndizo mbaya zaidi. Walio karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni wana taabu mara mbili, maana wanabeba wafanyakazi na magunia yenye chumvi yenyewe. Msisahau mizigo yetu mingine. Ndoo ya samaki wa barafu hudondosha maji ya chumvi juu ya mafla na cheni njia nzima. Dumu la mnazi likivuja ni vivyo hivyo, kwani mnazi ukilala hugeuka siki, na siki hula chuma.

Kromu ni kifuniko

Ile sehemu inayong'aa kama kioo, kwenye mafla, usukani, rimu na bampa za magari ya zamani, si chuma cheupe kizima. Ni chuma cha kawaida kilichopakwa nikeli, kisha juu ya nikeli kikapakwa kromu. Ile kromu ni nyembamba sana. Unywele mmoja wa kichwa chako ni mnene kuliko kromu ile zaidi ya mara mia. Yenyewe haishiki kutu kabisa. Lakini ina vitundu vidogo na nyufa ambazo jicho halioni, na mawe ya barabarani huongeza vingine. Maji ya chumvi yakipata njia, yanashuka mpaka kwenye chuma, na kutu inaanzia chini. Ile doa nyekundu unayoiona ni moshi tu, moto uko ndani.

Hapa kuna jambo la ajabu kidogo, nami naona linafaa kueleweka. Bati la nyumba limepakwa zinki. Ukilikwaruza, zinki iliyo kando hujitoa iliwe yenyewe kwanza, na chuma kinapona kwa muda. Kromu na nikeli ni kinyume chake. Penye kitundu, wao wanabaki salama na chuma ndicho kinacholiwa, tena kinaliwa kwa kasi kwa sababu kutu yote inalenga tundu lile moja. Kwa hivyo msiseme, "Ah, ni doa dogo." Kwenye bati doa dogo linaweza kungoja. Kwenye kromu usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuosha: maji gani?

Kazi kubwa zaidi katika somo hili ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Vijana wengi wanaosha kila siku, na pikipiki inazidi kuoza, kwa sababu wanaosha kwa maji ya kisima kilicho karibu na bahari. Hiyo ni kuipaka chumvi kwa bidii. Kipimo ni rahisi: onja kidogo kwa ncha ya ulimi, au jaribu sabuni. Sabuni ikikataa kutoa povu, maji hayo yafaa kuondolea tope tu. Suuza la mwisho liwe la maji ya mvua au ya mfereji. Maji ya Baricho yakikatika, kama tulivyozoea, wekeni akiba ya dumu moja la maji ya mvua kwa kazi hii. Dumu moja latosha ukitumia kitambaa badala ya kumwaga ovyo.

Osheni chini ya madigadi, katikati ya spoki, nyuma ya namba, mahali ambapo jicho halifiki. Huko ndiko chumvi na mchanga hukaa. Kwa gari la kikundi, tazameni vitundu vilivyo chini ya milango. Vimewekwa ili maji yatoke, na mchanga ukiviziba mlango huoza kutoka ndani. Tumieni sabuni ya kawaida, isiwe nyingi. Msielekeze mpira wa maji yenye nguvu kwenye beringi za magurudumu. Kisha kausheni. Kuacha maji yakauke yenyewe ni nusu ya kazi. Futeni kwa kitambaa cha pamba, halafu endesheni mwendo mfupi ili maji yatoke kwenye kona na breki zikauke.

Tena msioshee mtoni. Kuna watu wanaoteka maji ya kunywa upande wa chini.

Kuondoa kutu iliyokwisha kuingia

Chukueni foili, ile karatasi ya kung'aa ya kufungia chakula. Ikunjeni iwe donge, ichovyeni katika maji safi, sugueni kwa upole. Foili ni ya alumini, na alumini ni laini kuliko kromu, kwa hivyo inaondoa kutu bila kukwaruza. Utaona uji wa rangi ya kahawia. Ufute, suuza, kausha. Vitabaki vidoa vyeusi vidogo: hivyo ndivyo vile vitundu. Haviondoki, lakini vinaweza kuzibwa, kama tutakavyoona.

Kuna vitu ambavyo nawasihi mviache. Msasa, mchanga, majivu na waya mgumu wa sufuria vinafaa sufuria. Kwenye kromu vinafungua milango mipya. Dawa za kung'arisha shaba zina unga unaosugua. Mara moja moja si neno, lakini kila wiki mtaimaliza kromu. Ukwaju na ndimu vimeng'arisha masinia na mabuli ya shaba ya nyanya zetu miaka mingi, na viendelee huko huko. Spoki nyingi zimepakwa zinki, na asidi ya ndimu huila zinki ile. Tindikali ya betri isiguswe kabisa kwa kazi hii: itaharibu chuma, mikono na macho.

Vikundi vinavyotengeneza sabuni nao wasikilize vizuri. Maji ya kostik soda yaliyobaki yasipelekwe kuoshea injini. Kasha la injini ni la alumini, na kostik hula alumini mbele ya macho yako, inachemka na kutoa gesi inayoshika moto.

Kromu ikiwa inabanduka kama maganda, kung'arisha hakusaidii tena. Hapo ndipo msasa una kazi yake. Ondoeni iliyolegea, sugueni mpaka chuma kionekane, pakeni rangi ya msingi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya fedha. Haitapendeza kama mwanzo, lakini itakaa. Kwa mafla itafuteni rangi ya kustahimili moto, maana ya kawaida itaungua. Na msijaribu kupaka kromu upya uani. Kemikali inayotumika ni sumu inayoleta saratani.

Kinga ya bei nafuu

Chuma kikiwa safi na kikavu, kinahitaji kitu cha kuzuia maji. Nta ya magari inauzwa madukani na ni nzuri. Lakini wenzetu wanaofuga nyuki kandokando ya msitu wa Arabuko Sokoke wana nta ambayo mara nyingine hutupwa baada ya asali kukamuliwa. Ikwangueni nyembamba, sehemu moja ya nta kwa sehemu tatu hivi za tapentaini, ndani ya chupa yenye kifuniko. Iacheni mahali penye joto la jua siku moja au mbili, mkiitikisa mara kwa mara, mpaka iwe kama samli laini. MSIIWEKE JIKONI WALA KARIBU NA MOTO. Tapentaini huwaka kama petroli. Pakeni kidogo sana kwa kitambaa, ngojeni, kisha futeni mpaka ing'ae. Nta inaingia katika vile vitundu na kuviziba. Rudieni kila mwezi. Wakati wa kusi, kila wiki mbili.

Isipakwe kwenye mafla, itaungua na kutoa moshi. Na kamwe isikaribie ngoma au diski ya breki. Cheni inataka oili yake, kila baada ya kuoshwa.

Mafuta ya nazi? Yanafaa siku chache, kisha yanachacha na kunata vumbi. Oili chafu ya injini, ambayo mafundi wengi huipenda kwa sababu ni ya bure, inalainisha mipira, inashika mchanga, na ni mbaya kwa ngozi. Dizeli inayopulizwa chini ya gari kule kwa waosha magari hung'aa siku moja tu. Mabaharia wetu hupaka vyombo sifa, yale mafuta ya papa, na mbao hukaa sana. Sijamwona abiria atakayekubali kupanda pikipiki yenye harufu ile.

Mahali pa kulala pikipiki pia ni kinga. Msiifunike kwa nailoni ikiwa imelowa, mtaifungia unyevu ndani. Banda dogo la makuti, lenye hewa, upande wa nyumba usiopigwa na kusi, linashinda turubai la bei.

Nani ataifanya?

Hapa ndipo nimeona mambo yakikwama, kuliko kwenye foili na nta. Mwendeshaji anasema pikipiki si yake. Wanachama wanasema yeye ndiye anayeitumia. Mwendeshaji akiosha, muda ule hapati abiria, na jioni bado anadaiwa kiasi kamili. Kwa maoni yangu hilo si haki, na ndilo linalofanya aache. Kikundi kinachotaka pikipiki idumu kimpe nusu siku kwa wiki isiyodaiwa, na kitoe sabuni na nta kutoka mfuko wa kikundi. Kisha kiwe na mtu mwingine wa kukagua, asiwe ndugu wa mwendeshaji, na aandike daftarini: rimu, spoki, waya za breki, cheni, boliti. Dakika kumi kabla ya mkutano zatosha, pikipiki ikiwa imesimama pale mbele ya wote.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Maji tunayooshea yanatoka wapi? Nani atayapima kwa sabuni wiki hii?

2. Pikipiki yetu inabeba nini ambacho kina chumvi au siki? Tunaweza kuweka nini chini ya ndoo ya samaki ili isidondoke?

3. Mwendeshaji wetu anapewa saa ngapi za kutunza pikipiki, na nani anazilipia?

4. Itoeni nje muikague sasa hivi. Hesabuni spoki zenye kutu, mwandike idadi na tarehe, na mhesabu tena baada ya miezi mitatu.