Fisi wa Nani?

Masomo: Zaburi 104:19-23, Ayubu 38:39-41

Kijana mwenzangu, kabla hujaendelea fungua Biblia usome hayo masomo mawili. Ni mafupi, nakungoja.

Likizo ya Desemba nilikuwa nyumbani kijijini, Shinyanga. Usiku mmoja fisi aliingia kwenye zizi la jirani yetu akaua mbuzi wawili. Mmoja alimburuta hadi ngitilini, mwingine alimwacha nusu. Asubuhi tukakusanyika kuangalia. Mzee mmoja akaonyesha uzio: miiba ya upande wa mashariki ilikuwa imeoza, pengo la kutosha mtu kupita akiinama. Hakuna aliyemsikiliza. Kijana mmoja, ambaye tulipata naye Kipaimara siku moja, akasema kwa sauti ya chini, "Huyu si fisi wa kawaida. Huyu ana mwenyewe." Macho ya watu yakageukia ng'ambo ya njia, kwenye nyumba ya bibi mmoja mjane. Bibi huyo ana macho mekundu.

Na mimi nilikuwa nimesimama palepale. Mseminari, digrii ya falsafa kichwani, rozari mfukoni. Sikusema kitu.

Kama umekulia Usukumani sina haja ya kukueleza. Tangu utoto tumesikia kwamba mbiti ni kipando cha wachawi, kwamba wanamfuga, wanampanda usiku na kumrudisha kabla hakujapambazuka. Na unajua maneno kama hayo yanaishia wapi. Kanda yetu imezika vikongwe wengi waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu wenyewe ni wa moshi tu! Pika wewe miaka arobaini kwa mabua, vijiti vya pamba na kinyesi kikavu cha ng'ombe kwa kuwa kuni hakuna, tuone macho yako yatakuwa na rangi gani.

Turudi kwenye Zaburi. Mtunzi anaigawa siku mara mbili. Giza likiingia, wanyama wa mwituni wanatoka kutafuta chakula chao, na anayewapa ni Mungu. Jua likichomoza wanarudi kulala, ndipo mwanadamu anatoka kwenda kazini hadi jioni. Wenzetu wa machimbo ya Geita wataelewa haraka: hiyo ni shifti. Fisi yuko shifti ya usiku, na aliyempangia si bibi wa ng'ambo ya njia.

Vijana huwa wananiuliza kama simba na fisi walikula majani kabla ya dhambi ya Adamu. Mtakatifu Thoma wa Akwino alishalijibu swali hilo katika Summa Theologiae, sehemu ya kwanza, swali la 96. Anasema dhambi ya mwanadamu haikubadili maumbile ya wanyama. Anayekula nyama leo aliumbwa hivyo. Jibu hili nililisoma darasani nikafaulu nalo mtihani, lakini sikuwahi kulipeleka zizini. Kama meno ya fisi ni maumbile yake, basi mbuzi aliyeraruliwa si ushahidi dhidi ya mtu yeyote. Kile tunachokiita kicheko chake ni namna ya kuwasiliana na wenzake. Katika kundi lao majike ndio wanaotawala. Mzoga ambao sisi tunaupita tumeziba pua, yeye anaumaliza hadi mifupa. Katekisimu, namba 2416, inafundisha kwamba wanyama humtukuza Mungu kwa kuwepo kwao tu. Haijaandikwa "isipokuwa fisi".

Mbona basi yuko karibu nasi hivi? Shinyanga ilikatwa miti kwa miaka mingi: kufukuza mbung'o, kupata mashamba, kupata kuni. Mwaka 1986 ukaanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na familia na vijiji vikarudisha ngitili, ile desturi yetu ya kutenga malisho yapumzike. Kazi hiyo ilipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002. Vichaka vikarudi, ndege wakarudi, na fisi pia. Yaani tumemrudishia nyumba, halafu tunashangaa amehamia. Ongeza mizoga tunayotupa kando ya njia.

Sisemi fisi ni wa kuchezea. Anaua, na watoto wameumizwa. Fukia mzoga, ziba zizi, usimtume mdogo wako dukani usiku peke yake. Ukimwona fisi mchana anakufuata bila woga, kimbilia usalama na toa taarifa kijijini, huenda ana kichaa cha mbwa. Akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo ukapate chanjo. Hospitali, si kwa mganga.

Na kwa waganga tuna vituko vyetu. Nikiwa kwenye kazi za kichungaji upande wa Geita, mchimbaji mmoja alinionyesha hirizi aliyouziwa ili duara litoe. Ndani kulikuwa na manyoya ya fisi, na aliivaa shingoni pamoja na rozari. Kwao mnyama huyu anamfanya bibi auawe. Machimboni kipande chake kinanunuliwa kwa bahati! Katekisimu, namba 2117, inakataza hirizi waziwazi.

Lakini namba iliyonichoma mimi ni 2477. Inazungumzia hukumu ya haraka: kuamini kosa la jirani bila msingi wa kutosha, hata kama umeamini kimyakimya. Hapo kwenye kimya nilijiona, nimesimama zizini na rozari yangu mfukoni.

Siku ya tatu nikavuka njia. "Mwangaluka, mayu." Akaitikia bila kuinua uso. Jumuiya alikuwa ameacha kuja. Tulikaa sana kabla hajaniambia kwamba usiku uleule fisi alipita na kwake, akachukua mbuzi wake wa pekee. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mtu.

"Ningemwambia nani, mwanangu? Wangesema nimemlisha mwenyewe."

Jioni ile nilikwenda kwa yule kijana wa Kipaimara nikamweleza habari ya mbuzi wa bibi, na nikakiri kwamba nami nilikuwa nimenyamaza. Alinisikiliza, hakujibu. Jumamosi vijana wanne wa jumuiya tulikwenda kukata miiba, tukaanza na uzio wa bibi. Yeye alifika amechelewa, panga begani. Bibi alipoliona panga aliinuka akaingia ndani. Kijana akasimama, akalitazama, akaliweka chini mbali na mlango, kisha akaja kuvuta miiba kwa mikono.