Kidonge Kimoja, Maini Tofauti

Daktari, nina swali. Mimi na jirani yangu hapa Kerege, Bagamoyo, tumeandikiwa amitriptilini ya sonona, dozi ileile. Yeye ameanza kupata nafuu. Mimi nashinda na usingizi, mdomo mkavu na kizunguzungu. Mimi Mkwere, yeye Mzaramo. Ni kabila?

Tazama ini kwanza. Amitriptilini huchakatwa na vimeng'enya vya ini, hasa CYP2C19 na CYP2D6, na kasi yake hutegemea vinasaba ulivyorithi kwa baba na mama. Ini likienda polepole, dawa hulundikana mwilini na maudhi huzidi. Mwaka 2001 watafiti walieleza aina ya kinasaba cha CYP2D6 iitwayo *29: kwa Watanzania waliopimwa, ilikuwa takribani nakala 1 kati ya 5. Aina nyingine, *17, nayo imeenea Afrika. Zote mbili hupunguza kasi, na Ulaya ni nadra.

Basi Waafrika wote tupunguziwe dozi?

Hapana, na hili nalisisitiza. Utafiti wa mwaka 1996 ulikuta asilimia 29 ya Waethiopia waliopimwa wana nakala za ziada za kinasaba hichohicho cha CYP2D6, kwa hiyo maini yao huimaliza dawa upesi mno. Wao pia ni Waafrika! Tena, mwaka 2002 mtafiti Eleni Aklillu na wenzake walilinganisha Waethiopia wa nyumbani na wanaoishi Sweden: hata vinasaba vilipofanana, wa nyumbani walikuwa na kasi ndogo zaidi. Mazingira, pengine chakula, yana sehemu yake. Sasa fikiria Bagamoyo: Wakwere, Wazaramo, Wadoe, Wazigua, na koo zenye damu ya Kimanyema, Kiarabu na Kihindi, wameoana vizazi na vizazi. Mtoto wa nyumba hizo utampa dozi ya kabila gani?

Nifanye nini, nami sijapimwa vinasaba?

Rudi kwa aliyekuandikia, umweleze maudhi yote. Anaweza kupunguza dozi, kisha akaipandisha taratibu. Mtajie kila unachotumia, hata mizizi ya mganga. Fluoksetini, kwa mfano, dawa nyingine ya sonona, huzuia CYP2D6 na kupandisha amitriptilini mwilini. Usiache dawa ghafla. Nafuu huchukua wiki kadhaa, ila mawazo ya kujiua hayangoji miadi: nenda hospitali siku hiyohiyo, pamoja na ndugu. Vidonge vifungie mbali na watoto, kwani amitriptilini ikizidi inaweza kusimamisha moyo.