Tuvuke Salama: Somo Kutoka Upper Hill

Huenda mkajiuliza: sisi tuko kijijini, barabara za Nairobi zinatuhusu nini? Zinatuhusu sana. Ni vijiji vichache visivyo na mtu aliyewahi kupewa barua ya kwenda Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Hospitali hiyo ilianza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40, na leo ndiyo hospitali kubwa ya rufaa nchini. Iko Upper Hill, kati ya Ngong Road na Mbagathi Way. Wengine wetu hufika karibu na hapo kufuatilia hati za shamba katika Ardhi House. Tunashuka kwenye matatu, mfuko mkononi, na kabla hatujamwona daktari au karani, ni lazima tuvuke barabara.

Tena, shida iliyoko Upper Hill ndiyo iliyoko kwenye njia panda ya soko letu. Tofauti ni wingi wa magari tu. Tukielewa ile, tutaitengeneza hii.

SHIDA YENYEWE

Zamani Upper Hill ulikuwa mtaa wa nyumba zenye bustani. Tangu miaka ya 1990 ofisi na majengo marefu yameongezeka, na magari nayo yakaongezeka. Miaka ya 2010 Ngong Road ilipanuliwa hapo kwa msaada wa serikali ya Japani. Barabara pana hupunguza msongamano, lakini ina mambo mawili mabaya kwa mtu wa miguu: gari hukimbia zaidi, na safari ya kuvuka huwa ndefu.

Hili si jambo dogo. Miaka ya karibuni, hesabu za NTSA zinaonyesha kwamba zaidi ya watu 4,000 hufa kila mwaka katika barabara za Kenya. Zaidi ya mmoja katika kila watatu ni mtu aliyekuwa akitembea kwa miguu.

Tumezoea kusema, "Watu hawajui kuvuka." Ni kweli, wako wasio waangalifu. Lakini wacha tupige hesabu tuone.

HESABU YA KUVUKA

Chukua barabara ya safu nne za magari. Upana wake ni kama mita 14. Kijana mwenye afya huenda mita 1.2 kwa sekunde, kwa hivyo atavuka kwa sekunde 12. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambacho ndicho kipimo cha sheria ndani ya mji, hukata karibu mita 14 kila sekunde. Basi kijana huyo anahitaji gari liwe mbali karibu mita 170 anapoanza kuvuka.

Sasa mtazame mama anayetoka kliniki na mguu unaouma. Yeye huenda mita 0.7 kwa sekunde. Atatumia sekunde 20. Gari linapaswa kuwa mbali mita 280! Nani ataona hapo, kukiwa na kona, mteremko na matatu zimesimama? Mama huyu si mzembe. Barabara ndiyo haikumfikiria.

Tubadilishe vitu viwili tu. Kwanza, tuweke kisiwa katikati ya barabara, apumzike hapo na kuvuka upande mmoja mmoja. Sasa anavuka mita 7 kwa sekunde 10. Pili, tupunguze mwendo wa magari hadi kilomita 30 kwa saa. Anachohitaji sasa ni nafasi ya mita 83 hivi. Kutoka 280 hadi 83, na mama ni yule yule, na mguu ni ule ule.

Gari la mwendo mdogo pia husimama upesi. Kwenye lami kavu, dereva wa kilomita 50 akishtuka na kukanyaga breki, atasimama baada ya kama mita 28. Yule wa kilomita 30 atahitaji mita 13 hivi.

MAMBO YANAYOSAIDIA

1. Kupunguza mwendo. Kivuko kilichoinuliwa kama tuta pana hufanya kazi mbili: dereva anapunguza, na mwenye kiti cha magurudumu anapita bila kushuka ukingo. Rangi ya pundamilia peke yake haitoshi. Rangi haisimamishi gari.

2. Kufupisha kuvuka. Kisiwa cha katikati, na kona zilizobanwa ili gari lisikunje kwa kasi.

3. Kuonana. Stejini pasiwe kabla tu ya kivuko. Matatu ikisimama hapo, dereva wa safu ya pili hamwoni mtoto anayechomoza mbele yake. Steji iwe mbele ya kivuko. Taa za usiku pia ni muhimu.

4. Kufuata njia ya watu. Ukijenga daraja la juu lenye ngazi nyingi, mgonjwa hatalipanda. Tazama watu wanavukia wapi, kisha weka kivuko hapo hapo.

KAZI YA KIKUNDI

Chagueni njia panda moja mnayoijua. Wanachama wanne wakae mahali salama kando ya barabara kwa saa moja asubuhi, saa moja mchana na saa moja jioni. Mmoja atie harage moja kwenye mkebe kwa kila mtu anayevuka. Wa pili atie punje ya mahindi kwa kila gari. Wa tatu apime kwa simu sekunde ambazo wazee, watoto na wenye mizigo hutumia kuvuka. Wa nne aandike kila tukio ambalo nusura liwe ajali: mahali, saa, na lilitokeaje.

Chora ramani kwenye karatasi, hata kama si nzuri. Weka alama kwenye steji, kibanda, mti unaoziba macho, na mahali watu wanapovukia.

Halafu ulizeni: barabara hii ni ya nani? Barabara kuu za nchi ziko chini ya KeNHA, nyingi za mijini ni za KURA, za mashambani ni za KeRRA, na nyingine ni za kaunti. Barua ikienda ofisi isiyohusika italala kwenye faili. Andikeni ukurasa mmoja: hesabu zenu, ramani, na maombi mawili tu. Mpeni nakala mwakilishi wa wadi. Kama barabara ni ya kaunti, msichelewe. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka unapaswa kufika katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba.

Ofisa anaweza kubishana na malalamiko. Kubishana na mkebe wa maharage ni vigumu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni nani kati yetu hupata shida zaidi kuvuka barabara? Tumewahi kumwuliza?
2. Kwenye njia panda yetu, ni jambo gani tunaweza kurekebisha wenyewe wiki hii, kama kufyeka kichaka au kukubaliana na watu wa matatu na bodaboda kusogeza steji?
3. Ni jambo gani lazima tulipeleke kwa serikali, na nani ataifuatilia barua?

Haba na haba hujaza kibaba. Anzeni na njia panda moja.