Hesabu: Namba Isiyokubali Kugawanyika

Siku moja darasani tuliandika ubaoni 91, tukasema hii ni namba tasa, yaani haigawanyiki sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mama mmoja hakubishana nasi. Alihesabu punje 91 za mahindi, akazipanga mezani mistari 7, kila mstari punje 13. Hakikubaki kitu. Tukafuta ubao. Basi leo tujifunze kuhakikisha, maana namba haijulikani kwa kuitazama usoni.

Chukueni 97. Mtaigawanya kwa namba ngapi mpaka mridhike? Si zote. Kama namba mbili zikizidishana zinatoa 97, iliyo ndogo lazima iwe chini ya 10, kwa sababu 10 mara 10 ni 100, tumeshapita. Kwa hiyo jaribuni 2, 3, 5 na 7 tu. Hizo 4, 6 na 8 za nini? Iliyomkataa 2 imewakataa na hao. Na iliyomkataa 3 imemkataa 9. Mtaona kila mara kuna baki. Basi 97 ni tasa.

Sasa tuone kubwa. Anza na punje 1, zidisha kwa 2, jibu lake zidisha tena kwa 2, hivyo hivyo mpaka mara 31. Kisha toa 1. Utapata 2,147,483,647. Isomeni kwa sauti: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, mia nne themanini na tatu elfu, mia sita arobaini na saba. Je, ni tasa? Inaishia na 7, basi 2 na 5 haziigawanyi. Jumlisha tarakimu zake, unapata 46. Hiyo haigawanyiki kwa 3, basi na namba nzima haigawanyiki kwa 3. Lakini kwa njia ile ya 97 ingebidi tuendelee mpaka 46,340! Nani ana karatasi za kutosha?

Wala msidhani kila namba ya kuzidisha kwa 2 na kutoa 1 ni tasa. Zidisha mara 11, toa 1, unapata 2,047. Kumbe ni 23 mara 89.

Aliyeimaliza kazi hii ni Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi aliyeishi St Petersburg, Urusi. Mwaka 1772 alikuwa mzee wa miaka 65, na macho yake karibu hayaoni. Hakukimbilia kugawanya. Kwanza alithibitisha kwamba namba tasa yo yote ndogo itakayoweza kuigawanya ile kubwa, sharti yenyewe ikigawanywa kwa 248 ibaki 1 au 63. Nyingine zote akaziweka kando. Majaribio yaliyobaki hayakuzidi 372, na hakuna hata moja lililogawanya sawasawa. Ile namba ni tasa.

Zoezi: Kati ya 119 na 127, moja ni tasa, nyingine siyo. Ipi? Mkiwa na shaka, hesabuni punje.