Tulifika kula pilau, hatukufika kuona kiwanja

Ndugu msomaji, Jumapili iliyopita nilijaaliwa kwenda kumzuru rafiki yangu wa tangu utotoni, Baba Salma, pamoja na mkewe. Tulisoma madrasa moja pale Magomeni, tukawa majirani miaka mingi katika nyumba za kupanga, na kila mwisho wa mwezi tukilalamika pamoja juu ya kodi. Alipostaafu, alichukua kiinua mgongo chake akajenga kando ya Mto Mpiji, kaskazini mwa Dar es Salaam, mto unaopita mpakani mwa jiji na Mkoa wa Pwani.

Nyumba ni nzuri, alhamdulillah. Kuna upepo na miti, wala huzisikii honi za daladala. Mama Salma alituandalia pilau na kachumbari, akatutandikia mkeka chini ya mwembe nyuma ya nyumba. "Shemeji, huku sasa ndiko kupumzika," akaniambia. Baba Salma naye akanionyesha kiwanja cha pembeni kinachouzwa, akataka nikichukue tuzeeke pamoja.

Baada ya swala ya Alasiri nilishuka mtoni. Maji yalikuwa haba, yananifika kwenye kifundo cha mguu. Kilichonishtua ni ukingo. Umekatika wima kama ukuta, na mizizi ya mwembe tuliokuwa tumekaa chini yake inaning'inia hewani. Nikarudi nikihesabu hatua hadi ukuta wa chumba cha kulala. Zilikuwa hatua 22.

Nyumba ile ipo upande wa nje wa kona ya mto. Mto ukijaa, maji hukimbilia upande huo kwa nguvu na kula udongo kwa chini, hadi wa juu unaporomoka. Wachimba mchanga nao wakikiteremsha kina cha mto, kingo hubaki bila egemeo. Na kadiri mabati na lami vinavyoongezeka huko juu, mvua haipati pa kuzama, yote hukimbilia mtoni kwa pamoja.

Nilisita kusema. Kumwambia ni kumharibia furaha ya maisha yake yote, na kunyamaza ni kumsaliti. Mwisho nikauliza: "Baba Salma, huu ukingo mwaka jana ulikuwa wapi?" Akanyoosha kidole katikati ya mchanga. "Pale. Palikuwa na migomba." Mama Salma akakiweka chini kikombe chake cha chai.

Kimya kikapita, kisha rafiki yangu akasema kwa sauti ya chini: "Sheikh, unakumbuka nilikuomba tuje wote kukiona kiwanja hiki kabla sijalipa? Ukaniambia una kazi nyingi."

Sikuwa na jibu. Ni kweli aliniomba, na ni kweli nilikataa. Siku ya kula pilau nimepata nafasi.

Waislamu wenzangu, hapa ndipo penye somo. Tunahimizana kuzuruana, na ni jambo jema. Lakini ndugu anatuhitaji zaidi siku anapokwenda kulipa kuliko siku anapohamia. Twende naye tukakione kiwanja wakati wa masika, tusingoje kiangazi. Tuwaulize wazee wa pale maji hufika wapi. Tumkumbushe kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Karatasi ya mauziano yenye mhuri na mashahidi haiwezi kuufuta umbali huo.

Wapo watakaosema, tumuachie Mungu. Mtume (s.a.w.) alimfundisha bedui kumfunga ngamia wake kwanza, ndipo atawakali. Tusisahau pia mafuriko ya Desemba 2011 hapa Dar es Salaam. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, na waliokuwa wakiishi bondeni Jangwani wakahamishiwa Mabwepande. Yale hayakuja hata masika, yalikuja wakati wa vuli.

Kabla ya Magharibi tulikubaliana mambo matatu. Ujenzi wa vyumba vya uani unasimama. Familia itahamia vyumba vya mbele, na mvua kubwa ikianza watakuja kwangu bila kungoja kuitwa. Na Jumatatu mimi na yeye tunakwenda pamoja ofisi ya bonde la Wami/Ruvu kuuliza kama kuna la kufanya juu ya ukingo ule, na jibu lolote tutakalopewa tutalipokea wote wawili.

Kiwanja cha pembeni sikukichukua. Ila safari hii, ndugu msomaji, kazi zangu nyingi zitangoja.