Deki Iliyogoma Baada ya Umeme Kurudi

Mama mmoja wa Mbugangari aliniletea deki yake ya video ikiwa imefungwa kwa kitenge, na juu yake kaseti moja ya harusi ya mwaka 1998. "Fundi, juzi ilikuwa inaonyesha saa vizuri tu. Umeme ukakatika, uliporudi haikuwaka tena. Nimeambiwa imeungua, niitupe." Nikamuuliza, "Mama, mlisikia mlio? Mliona moshi?" Hapana, hawakusikia wala kuona kitu. "Basi isitupwe."

Hadithi hiyo huwa nasikia ileile, maneno ni yaleyale, na mara nyingi deki haijaungua. Iliyochoka ni sehemu inayopokea umeme wa ukutani na kuupunguza, tunayoiita pawa saplai. Kwenye deki nyingi sehemu hii haizimiki ukibonyeza kitufe cha mbele. Mradi plagi iko kwenye soketi, inafanya kazi usiku na mchana ili saa iwake na rimoti isikike. Ndani yake kuna kapasita ndogo, ukubwa wa punje ya haragwe, yenye majimaji yanayokauka polepole kwa joto la miaka. Ikiwa bado ya moto inajikongoja, na mwenye deki hajui lolote. Umeme ukikatika saa tatu nne, kapasita ikapoa, haina tena nguvu ya kuuamsha mtambo. Kwa hiyo umeme uliporudi haukuua kitu. Ulikuta mgonjwa tayari.

Kuna kesi nyingine ambazo umeme kweli ndio uliopiga. Ukanda huu wa Kivu ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopata radi nyingi kuliko nyingine, na radi ikiangukia karibu na nyaya, volti hupanda ghafla. Mawingu yakianza kujikusanya juu ya ziwa, chomoa plagi ya umeme na waya wa antena pia.

Kabla ya kugusa bisibisi, anza ukutani. Chomeka taa kwenye soketi ileile. Hakikisha Cash Power, umeme wa kulipia kabla, haijaisha. Pindapinda waya karibu na plagi, maana hapo ndipo hukatikia kwa ndani huku nje unaonekana mzima. Kisha geuza deki usome maandishi ya nyuma. Umeme wetu ni volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde. Deki iliyoandikwa 110–240 haina shida, lakini iliyotumwa na ndugu kutoka Marekani yenye alama ya 120 peke yake, ukiichomeka moja kwa moja utasikia mlipuko mdogo, na hapo fyuzi inakuwa hasara ndogo kuliko zote.

Sasa naomba usome taratibu. Ndani ya pawa saplai ya kisasa kuna kapasita moja kubwa, nene kama kidole gumba, imeandikwa volti 400. Umeme wa 230 ukishanyooshwa na dayodi, kapasita hiyo inashika takriban volti 325, na inaweza kubaki nao baada ya plagi kuchomolewa. La hatari zaidi, pawa saplai iliyokufa huushika muda mrefu kuliko iliyo nzima, kwa sababu hakuna kitu kinachoutumia. Deki unayoiona imekufa ndiyo inayoweza kukurusha. Kama hujawahi kushika mita, endelea kusoma ili ujue la kumuuliza fundi wako, ila kifuniko usikifungue.

Kwa anayefungua: chomoa plagi, subiri dakika kadhaa, kisha pima miguu miwili ya kapasita kubwa kwa mita iliyowekwa volti 1,000 za DC. Ukikuta umeme, umalize kwa balbu ya zamani ya waya, wati 40 au 60, iliyofungwa nyaya mbili zenye mpira mzuri: gusisha waya huu mguu huu na ule mguu ule. Itamweka kidogo kisha itazimika. Pima tena. Usigonganishe miguu kwa bisibisi kama wengi wanavyofanya. Cheche ile hula bodi na huumiza macho.

Halafu itazame fyuzi. Kioo chake kikiwa kimejaa weusi au rangi ya fedha, imekatika kwa kishindo: kuna kitu kimeungana, mara nyingi dayodi nne za kuingilia au transista ya kuswichi. Waya wake ukiwa umekatika tu katikati na kioo ni safi, huenda ni uchovu au volti iliyopanda mara moja. Vyovyote iwavyo, usifunge karatasi ya sigara au uzi wa shaba mahali pa fyuzi. Nimeona bodi zilizotobolewa na moto kwa sababu hiyo, na nyumba zetu nyingi zina dari za mbao.

Kabla ya kurudisha umeme, pitisha waya mmoja wa umeme kwenye balbu ileile ya zamani, deki na balbu zifuatane. Balbu ya LED haifai hapa. Ile ya zamani ikimweka kisha ikafifia, unaweza kuendelea. Ikiwaka kwa nguvu bila kupungua, kuna kitu kimeungana, nawe umeiokoa fyuzi mpya.

Kipimo kinachofuata ndicho kinachogawa kazi. Mkono mmoja nyuma ya mgongo, waya mweusi wa mita kwenye mguu hasi wa kapasita kubwa, mwekundu kwenye mguu chanya. Usitumie bati la deki kama hasi kwa upande huu, kwani haviungani na utapata kipimo cha uongo. Hakuna volti? Tatizo liko nyuma yako: waya, fyuzi, dayodi. Zipo karibu 325 lakini upande wa pili, ule wa kutolea umeme uliopunguzwa, hakuna volti 5 wala 12? Basi njia ya kuingilia ni nzima, na washukiwa ni rezista ya kuwashia na ile kapasita ndogo ya haragwe. Ukisikia tik-tik-tik isiyoisha, pawa saplai inajaribu kuwaka na kuzuiwa: chunguza dayodi za upande wa pili, iliyoungana itasoma karibu sifuri pande zote mbili.

Deki ya yule mama ilikuwa na 325 kamili upande wa kwanza, na kimya upande wa pili. Nikachukua mashine ya kukaushia nywele, nikapuliza kapasita ndogo kwa dakika mbili, nikachomeka. Saa ikawaka. Ilipopoa, nikachomoa na kuchomeka tena, giza. Hapo sikuhitaji ushahidi mwingine. Nilipogusa mguu wake kwa pasi ya kulehemu, ikatoka harufu ya samaki, kama sambaza zilizolala. Ndiyo harufu ya majimaji yaliyovuja, na ukishaikuta mara moja huisahau.

Kapasita mpya iwe na maikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, na iandikwe nyuzi 105, si 85. Upande wenye mstari ni hasi, ukiigeuza italipuka. Ukishafungua, badilisha na ndogo zote zilizo karibu na sehemu yenye joto. Bei yake ni ya chini mno ukilinganisha na kurudi kufungua tena. Picha ikiwa na mistari inayopanda polepole pamoja na mvumo kwenye sauti, angalia kapasita za upande wa pili pia.

Na deki inayowaka, ikavuta kaseti, kisha ikajizima baada ya sekunde chache, usiifungulie pawa saplai. Mara nyingi ni mpira uliolegea: gurudumu la kaseti halizunguki, deki inajizima ili isiutafune utepe.

Naisisitiza kazi hii kwa sababu deki mpya hazitengenezwi tena. Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho, iliacha mwaka 2016. Kuna kaseti huku kwetu zenye sura za watu ambao hawana picha nyingine popote.

Kwa hiyo deki ikiwaka, usianze na kaseti ya harusi. Tia ya filamu isiyo na thamani, icheze saa nzima, itoe, utazame kama utepe umekunjika. Ikitoka salama, safisha kichwa cha kusomea, ndipo uingize ile ya mama. Siku hiyohiyo iunganishe na kompyuta uinakili, mara mbili, nakala moja ibaki nyumbani na nyingine aende nayo ndugu wa mbali.