Tovuti moja ikigoma, usifute kila kitu

Nenda steshenari yoyote yenye kompyuta ya kujazia maombi ya mkopo au ya ajira, useme tovuti inakugomea. Mara nyingi dawa ni ileile: futa historia yote. Fundi anabofya mara tatu, tovuti inafunguka, mnashukuriana. Jioni yake unagundua barua pepe imekutoa, nenosiri hulikumbuki, na laini uliyoisajilia ilishapotea. Hitilafu ya tovuti moja imekugharimu akaunti nzima. Nimeyashuhudia haya mara nyingi, na yanaumiza kwa sababu yanaepukika.

Kidakuzi, ambacho mafundi wengi wanakiita kuki, ni maandishi mafupi ambayo tovuti inakikabidhi kivinjari ili ikutambue utakaporudi. Alikibuni Lou Montulli mwaka 1994, akiwa mhandisi wa kampuni ya Netscape, kwa kuwa seva za wavuti hazina kumbukumbu: bila kidakuzi, kila ukurasa unaofungua unakupokea kama mgeni. Kichukulie kama kikaratasi cha namba unachopewa mapokezi ya hospitali. Kikipotea unarudi mwanzo wa foleni. Ukija na cha juzi, dirishani hawakipokei.

Kabla ya kufuta chochote, tazama saa na tarehe ya kompyuta. Kila kidakuzi cha kudumu kina tarehe ya kuisha, na kila cheti cha usalama cha tovuti kina muda wake. Saa ikikimbia mbele sana, kidakuzi kinaweza kuhesabiwa kimeisha mara tu kinapopokelewa. Ikirudi nyuma miaka kadhaa, kivinjari kinaonya kuwa tovuti si salama. Kompyuta za mezani za zamani zinapata sana ugonjwa huu. Ndani yake kuna betri ya duara kama sarafu, aina ya CR2032, inayoitunza saa umeme ukikatika. Betri hiyo ikifa, kila umeme ukirudi tarehe inakuwa ya kale. Hapo dawa ni betri mpya, na hakuna kidakuzi cha kufuta.

Saa ikiwa sawa, soma ujumbe wenyewe, hata kama ni wa Kiingereza. Ukiona namba 400 pamoja na maneno yanayosema kichwa cha ombi au kidakuzi ni kikubwa mno, umeshapata jibu. Kivinjari hutuma vidakuzi vya tovuti kila unapofungua ukurasa wake. Kidakuzi kimoja kinaweza kufika baiti 4096, na seva nyingi zimepangwa zikatae kichwa cha ombi chenye mstari unaozidi kilobaiti 8 hivi. Vidakuzi viwili vilivyojaa vinatosha kuufikia mpaka huo. Ujumbe mwingine husema ukurasa umeelekezwa mara nyingi kupita kiasi: seva inakupeleka kwenye ukurasa wa kuingia, ule nao unakurudisha ulikotoka, kwa sababu kidakuzi ulichonacho kinasema umeingia na seva inasema hujaingia.

Sasa fungua tovuti ileile kwenye dirisha fiche. Dirisha hilo huanza bila vidakuzi vyako, na kwa kawaida viendelezi, zile programu ndogo unazozipachika kwenye kivinjari, havifanyi kazi humo. Ikifunguka vizuri, mkosaji yumo kati ya hao wawili. Rudi kwenye dirisha la kawaida, bofya alama iliyo kushoto kwa anwani ya tovuti, tafuta sehemu ya vidakuzi na data ya tovuti, ufute vya tovuti hiyo peke yake. Hakikisha kwanza unalijua nenosiri lake, na kama kuna fomu uliyokwisha kuijaza, nakili majibu pembeni. Kwenye simu hatua ni hizohizo. Usiende kwenye mipangilio ya simu kufuta data yote ya kivinjari. Huko unang'oa mti kwa sababu ya jani moja.

Ikiwa ni tovuti zote zinazokusahau kila unapofunga Firefox, na hukuwahi kuiagiza ifute vidakuzi, huenda faili lenyewe la vidakuzi limeharibika, kwa mfano umeme ulipokatika likiwa linaandikwa. Andika about:support kwenye sehemu ya anwani, fungua folda ya wasifu, kisha funga Firefox kabisa. Faili liitwalo cookies.sqlite libadilishe jina, usilifute. Firefox itaunda jipya. Itabidi uingie upya kwenye akaunti zako. Humo humo yamo logins.json na key4.db, yanayotunza manenosiri yako. Usiyaguse.

Viendelezi navyo vina ugonjwa wake. Ukiambiwa kiendelezi kimeharibika wakati wa kukisakinisha, mara nyingi upakuaji ulikatika njiani, pengine kifurushi kiliisha. Kiendelezi hutiwa saini ya kidijitali, na baiti moja ikibadilika saini haikubali. Pakua upya kwenye mtandao ulio imara. Chrome ikigundua kiendelezi kilichokwishasakinishwa kimeharibika, huweka kitufe cha kukirekebisha pale kwenye orodha ya viendelezi. Usikubali kamwe kukichukua kwenye tovuti usiyoijua eti ndilo toleo zima. Hiyo ni njia rahisi ya kuibiwa manenosiri.

Lakini si kila kiendelezi kilichozimika kimeharibika. Tarehe 4 Mei 2019 watumiaji wa Firefox duniani kote walikuta viendelezi vyao vimezimwa. Mafaili yalikuwa mazima. Cheti kilichotumika kuvitia saini ndicho kilichokuwa kimeisha muda. Mozilla, watengenezaji wa Firefox, iliwasihi watu wasiviondoe, kwa kuwa kukiondoa kiendelezi kunafuta na data yake. Kesho yake likatoka toleo la 66.0.4 lenye marekebisho. Wengi waliosubiri viliwarudia na data yake. Walioharakisha kuviondoa walianza kupanga upya. Kwa hiyo, kabla ya kuondoa kiendelezi, sasisha kivinjari.

Kama hujui kiendelezi kipi kinasumbua, zima nusu ya viendelezi vyako, ujaribu. Tatizo likiisha, limo kwenye nusu uliyozima. Washa kimojakimoja mpaka lirudi. Vikiwa kumi, hutamaliza robo saa.

Na kama tovuti inagoma vilevile kwenye simu ya jirani, kwa kivinjari kingine na mtandao mwingine, acha kufuta. Kosa liko kwenye seva ya tovuti. Piga picha ya ujumbe, andika saa ulipouona, uwatumie wenye tovuti kabla siku ya mwisho ya maombi haijafika.